CX-5 nyekundu imefika Arusha: nianze na seramiki, waksi au plastiki ya kulinda rangi?

Mkazi wa Njiro

Wakuu habari za jioni. Nimepokea Mazda CX-5 ya 2018 kutoka Japani, rangi 46V, ile nyekundu inayowaka. Kilomita 61,000. Kwa macho bodi iko safi, haina bonyeo, na ningependa ibaki hivyo.

Mazingira yake: nyumbani Njiro, mita 700 za mwisho ni barabara ya vumbi. Mchana inashinda chini ya mjakaranda ofisini. Wikiendi inakwenda Moshi na kurudi. Inaoshwa mara mbili kwa wiki kwa mashine ya presha na sabuni ya unga, na asubuhi inafutwa vumbi kwa kitambaa kikavu kabla ya kutoka.

Kati ya seramiki, waksi na ile plastiki angavu, kipi kinastahili hela? Kuna anayesema nisipake chochote mpaka miezi mitatu ipite kwa sababu rangi "inapumua". Pia mbele ya boneti kuna vidoa viwili vya mawe, kila kimoja kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Vinatibika nyumbani?

Ndoo Mbili

Hongera mkuu. Kabla ya kununua chochote, hicho kitambaa kikavu cha asubuhi kiache leo.

Vumbi la huku si unga wa ngano. Udongo wetu umetokana na mawe na majivu ya Meru, na majivu ya volkano ni punje za kioo na madini zenye ncha. Ukizisugua kavu juu ya klia, lile tabaka angavu linalofunika rangi, unapiga msasa. Ile mikwaruzo ya duara inayoonekana kama utando wa buibui gari ikisimama chini ya taa za sheli usiku, asilimia kubwa inatoka kwenye kufuta na kuosha. Wengi wanalisingizia jua.

Klia ya kiwandani ina unene wa maikroni 35 hadi 50 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), yaani haifiki hata unywele mmoja. Kila ukipiga bafing ya kuondoa mikwaruzo unakula maikroni 1 hadi 3 za hiyo hiyo klia, na yeye ndiye anayeikinga rangi na jua. Halafu Arusha mjini tuko kwenye mita 1,400. Mionzi ya UV inaongezeka kwa asilimia 10 hivi kila ukipanda mita 1,000, kwa hiyo baridi ya Julai isikudanganye kwamba gari iko salama juani.

Uoshaji wenyewe uende hivi. Gari iwe kivulini na boneti imepoa, ukiweka kiganja usisikie joto. Anza na rimu kwa ndoo na brashi zake peke yake, maana vumbi la breki lina chembe za chuma. Kisha presha, maji matupu, kutoka juu kushuka, kwa ncha inayotawanya maji kama feni ya nyuzi 40, ukiwa sentimita 40 hivi kutoka kwenye bodi. Ncha ya tundu moja wanayoipenda vijana kwa sababu inang'oa tope haraka, itang'oa na rangi kuanzia pale kwenye vidoa vyako viwili. Baada ya hapo povu: shampuu ya gari ya pH 7 (si asidi wala magadi), sehemu 1 kwa maji sehemu 10 kwenye chupa ya povu. Iache dakika 5, isikauke, suuza. Mpaka hapo mkono haujagusa gari na mchanga mwingi umeshaondoka.

Sasa ndoo mbili za lita 20. Moja ina maji na shampuu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa (nyingi ni mililita 20 hadi 30 kwa lita 10), ya pili maji matupu ya kusuuzia glavu. Tumia glavu ya maikrofaiba yenye manyoya. Sponji uso wake ni bapa, punje ya mchanga ikinasa hapo inaburuzwa gari zima, wakati manyoya ya glavu yanaimeza. Osha paneli moja, suuza glavu kwenye maji matupu, kamua, rudi kwenye shampuu. Peleka mkono kwa mstari, usizungushe. Chini ya milango na bampa ya nyuma ziwe mwisho, huko ndiko kwenye mchanga. Glavu ikianguka chini, haigusi tena bodi siku hiyo.

Kukausha: taulo moja kubwa la maikrofaiba, unalitandaza juu ya paneli na kulivuta taratibu kwa ncha zake. Hayo mataulo yafuliwe peke yake, bila ile dawa ya kulainisha nguo, inaziba nyuzi.

Sabuni ya unga ni kali, inavua waksi yote na kufubaza plastiki nyeusi za pembeni ambazo CX-5 inazo nyingi. Tena punje ambazo hazijayeyuka ni mchanga mwingine umejiletea mwenyewe. Mara moja kwa wiki kwa utaratibu huu inatosha. Katikati ya wiki vumbi likizidi, lipige maji tu.

Mzee wa Sheli

Mbwembwe tupu. Kitambaa na mafuta ya taa kidogo, gari inawaka mwaka mzima. Tumefanya hivyo tangu enzi za Peugeot 504.

Ndoo Mbili

Shikamoo mzee. Inawaka kwa sababu ina filamu ya mafuta, na hiyo filamu ndiyo inayokamata vumbi la siku inayofuata. Peugeot za wakati huo nyingi zilikuwa na rangi ya tabaka moja isiyo na klia. Iliweza kusuguliwa ikirudi kung'aa kwa sababu rangi yenyewe ndiyo ilikuwa uso. Za sasa ukimaliza klia umekwisha.

Mafuta ya taa yana kazi moja halali kwenye bodi: madoa ya lami. Lowesha kitambaa laini, kibandike juu ya doa dakika moja, futa, kisha osha pale pale kwa shampuu. Na hapo ujue umevua waksi, upake upya.

Dada wa Sakina

Maji je? Mimi naoshea maji ya bomba masafi kabisa lakini gari nyeusi inabaki na vidoa vyeupe vya duara, na havitoki kwa kuosha tena.

Ndoo Mbili

Hayo ni madini, dada. Maji yetu yanatoka kwenye miamba ya Meru, na mbali na ile floridi inayotia meno rangi yana chumvi nyingine nyingi. Tone likikauka juani maji yanaondoka, chumvi inabaki. Ndiyo maana gari haioshwi saa saba mchana.

Kama una simtanki la kukinga mvua, tumia maji hayo kwa suuzo la mwisho, lita 20 zinatosha ukimimina taratibu kutoka juu bila presha. Kwa madoa yaliyopo: siki nyeupe ya jikoni changanya nusu kwa nusu na maji ya betri, lowesha kitambaa, kiweke juu ya doa dakika moja, suuza, osha kwa shampuu. Hakikisha ulichouziwa ni maji ya betri na si asidi ya betri, chupa zinafanana. Doa likibaki baada ya mara mbili, limeshachimba klia, na hapo ni polishi tu itakayolitoa. Usiongeze ukali wa siki.

Klia_2K

Naomba niingie kwenye hiyo ya miezi mitatu, maana inawachanganya wengi.

Rangi ya kiwandani inapita kwenye oveni ya nyuzi joto 140 hivi wakati gari bado haina viti wala nyaya. Ikitoka humo imekomaa. Unaweza kuipaka waksi siku hiyo hiyo, na ya kwako ina miaka kadhaa. Rangi ya gereji ni habari nyingine. Gari iliyokamilika huwezi kuichoma nyuzi 140, utayeyusha plastiki, kwa hiyo inakaushwa hewani au kwenye chumba cha nyuzi 60 hivi. Thina iliyonaswa ndani inaendelea kutoka wiki nyingi. Ukiifunika mapema kwa seramiki au plastiki, klia inabaki laini au inatoa malengelenge. Hiyo ndiyo inayosubiriwa siku 30 hadi 90, kutegemea klia na hadna (dawa ya kuikomaza) iliyotumika.

Kwa hiyo swali la kwanza kwako: je, hiyo gari haijawahi kurudiwa rangi? Kutoka Japani si dhamana. Tafuta mwenye kipimo cha unene, apime sehemu tano kila paneli. Kiwandani mara nyingi unapata maikroni 90 hadi 150 na namba zinakaribiana. Paneli moja ikisoma 200 na kitu wakati jirani yake ni 110, imerudiwa. Ikivuka 300 anza kufikiria paati, ile ya kujazia mabonyeo. Bampa ni plastiki, kipimo cha kawaida hakiisomi.

Huna kipimo? Fungua boneti uangalie vichwa vya bolti za fenda na bawaba, rangi ikiwa imechubuliwa na spana, paneli imewahi kufunguliwa. Pitisha ukucha kwenye kingo karibu na raba za milango, ukisikia mstari wa rangi ulioinuka, hapo palizibwa kwa tepu wakati wa kupuliza. 46V yenyewe inasaidia kujichongea: ni rangi ya tabaka tatu, chini tabaka linaloakisi mwanga, juu yake nyekundu inayopitisha mwanga, kisha klia. Fundi akiongeza au kupunguza mkono mmoja tu (mpako mmoja) wa ile ya kati, paneli inakuwa nyeusi zaidi au angavu zaidi kuliko jirani. Itazame saa kumi na moja jioni, kwa pembeni, si kwa mbele.

Vidoa vya mawe. Kwanza angalia kina. Ukiona praima ya kijivu, ile rangi ya msingi juu ya chuma, una muda. Ukiona chuma au wekundu wa kutu, usivuke masika hivyo. Kutu ikwangue kwa msasa namba 800 uliokunjwa kwenye kijiti, mduara usizidi doa lenyewe, paka tone la dawa ya kugeuza kutu, likikauka weka praima. Safisha kwa spiriti ya isopropili. Rangi unaitia kwa kijiti cha meno au brashi ya nywele tatu nne, siyo ile brashi nene ya kwenye kifuniko. Tabaka la chini kwanza, nusu saa, kisha ile nyekundu ya kupitisha mwanga mkono mmoja au miwili. Kila mkono unaongeza giza, kwa hiyo simama mapema kuliko unavyotamani. Mwisho klia mikono miwili mitatu, nusu saa kati ya mmoja na mwingine, mpaka ijae na kuvimba kidogo.

Kuna watakaokuambia upige msasa 2000 na 3000 wa maji kusawazisha. Kwa doa la ukubwa wa kiberiti, acha. Asiyezoea anatoboa klia nzima iliyozunguka, na doa la milimita mbili linakuwa kazi ya boneti nzima. Na boneti nzima ya 46V kuoana na fenda ndiyo kazi inayotutenganisha mafundi.

Kwa Mrombo

Vitu vitatu ulivyouliza havifanyi kazi moja, ndiyo maana watu wanavishindanisha bure.

Waksi ya mti inadumu wiki 6 hadi 8, kwa jua letu hesabu 6. Inang'arisha, inafukuza maji, basi. Ile ya kutengenezwa kiwandani, ya maji au ya krimu, inafika miezi 4 hadi 6. Seramiki ni silika inayoshikana na klia na kuwa ngumu. Ikipakwa vizuri inakaa miaka, uchafu haushiki sana, kinyesi cha ndege kinachelewa kuchimba. Lakini unene wake ni maikroni chache. Anayekuambia seramiki inazuia mawe ya barabarani anakuuzia maneno. Jiwe linalorushwa na tairi la lori kati ya Usa River na Boma Ng'ombe linazuiwa na plastiki peke yake, nayo ni polyurethane ya maikroni 150 hadi 200.

Kwa safari zako ningeweka plastiki mbele tu: bampa, boneti, migongo ya vioo vya pembeni, na vipande vidogo nyuma ya mashimo ya matairi ya nyuma na ndani ya vishikio vya milango ambako kucha zinakwaruza. Muulize fundi maswali mawili. Ni polyurethane au PVC? PVC inakuwa njano haraka kwa jua hili. Na anakatia wapi, kwenye kompyuta au juu ya gari kwa wembe? Wa wembe akikosea nguvu ya mkono, utauona mstari siku ukiibandua. Na hapa ndipo kipimo cha Klia_2K kinapoingia: boneti ikiwa imerudiwa kwa rangi dhaifu, plastiki siku ya kutoka inatoka na rangi.

Kwingine kote weka seramiki, lakini asilimia 80 ya kazi ni maandalizi. Osha. Vaa mfuko wa nailoni mkononi upitishe vidole juu ya paa na boneti. Ukisikia chenga chenga, ni chembe za chuma za bandarini na za breki. Nyunyiza dawa ya chuma, itageuka zambarau, suuza kabla haijakauka, dakika 3 hadi 5. Kisha udongo wa kusafishia rangi, lile donge laini la dukani na si udongo wa shambani: kata gramu 30, ulainishe kwa maji yenye shampuu kidogo, pitisha kwa mstari bila kukandamiza, ukunje kila ukichafuka. Ukianguka chini tupa, usijaribu kuuosha.

Polishi ifanywe kwa mashine ya mizunguko miwili, siyo grinda ya bafing inayozunguka moja kwa moja. Ile ya pili mikononi mwa mwenye haraka inaacha mawimbi yanayoonekana juani na inachoma kingo, ambako klia ni nyembamba kuliko pote. Funika kingo na plastiki nyeusi kwa tepu ya karatasi, polishi ikikauka kwenye plastiki inabaki nyeupe. Matone 4 au 5 kwa eneo la sentimita 50 kwa 50, kasi ya 4, mapito manne, futa. Kwa klia ambayo bado ina uhai usianze na dawa kali, jaribu laini kwanza kwenye kipande kimoja.

Futa kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji, kuondoa mafuta ya polishi. Hapo ndipo seramiki. Chupa ya mililita 50 inatosha CX-5 na kubaki. Matone 6 hivi kwenye kitambaa cha kupakia, sentimita 50 kwa 50, wima kisha mlalo. Subiri uone rangi za upinde wa mvua zikijikusanya, ndipo ufute kwa taulo la kwanza, kisha la pili kavu. Asubuhi ya Julai Arusha inaweza kuchukua dakika 2 au 3. Mchana wa Februari Moshi nusu dakika nyingi, kwa hiyo punguza eneo. Kibaki cha seramiki ambacho hukukifuta kinakauka kama doa la mafuta, na baada ya saa chache hakitoki ila kwa polishi. Kagua kila paneli kwa tochi kabla ya kuhama. Saa 24 isiguse maji wala umande, siku 7 bila shampuu. Kama huna sehemu ya ndani, usifanye kazi hii wakati wa vuli.

Wa Kiboriloni

Ya Moshi niongezee. Joto ni zaidi, kwa hiyo kinyesi cha ndege kinachimba haraka. Klia ikipata joto inatanuka, kinyesi kinakauka juu yake, jioni inajikunyata na alama imeshakaa. Usikikwangue. Karatasi ya chooni iliyolowa, iweke dakika 5, inua, rudia. Hivyo hivyo kwa wadudu wa barabara ya usiku kwenye bampa.

Wakati mashamba ya miwa kusini mwa mji yanachomwa, yale majivu meusi yanayoanguka usiyafute kwa kitambaa. Yakipata umande yanakuwa magadi. Maji tupu, mengi, asubuhi ile ile.

Turubai la gari ni mtego. Likifunikwa juu ya gari yenye vumbi na upepo ukalichezesha, ni msasa unaofanya kazi usiku kucha. Funika gari safi, kavu, iliyo ndani ya banda, au usifunike.

Mkazi wa Njiro

Asanteni sana wakuu. Kitambaa kikavu kimestaafu. Mjakaranda je? Oktoba na Novemba maua yanajaa boneti nzima, na hakuna kivuli kingine.

Ndoo Mbili

Maua makavu hayana shida, yapulize. Tatizo ni ua lililolowa mvua likapikwa juani, linaacha doa la kahawia na ute unaonata. Lisilale. Maji ya uvuguvugu na shampuu, dakika 5, kisha kama unato umebaki, spiriti ya isopropili kwenye kitambaa. Chini ya wipa na kwenye mfereji wa boneti maua yanaoza na kuziba matundu ya maji, fungua boneti uyatoe kwa mkono kila wiki. Katika miezi hiyo miwili heri jua kuliko huo mti, mradi ndani umeweka kinga ya kioo.

Mkazi wa Njiro

Sawa. Na nianze na nini, vidoa au plastiki?

Klia_2K

Kipimo, vidoa, polishi, plastiki, seramiki, kwa mpangilio huo. Rangi ya vidoa ni matone tu, si paneli nzima iliyorudiwa, kwa hiyo ipe wiki mbili ikauke kabla ya kufunikwa na plastiki. Ukienda dukani na namba 46V wakupe vichupa viwili vya rangi na kimoja cha klia. Wakikupa kichupa kimoja chekundu wakasema "hii hii inafaa", rudisha.